Karani Aliyejaza Sehemu ya Tatu

Shule ilipofungwa kwa sababu ya maradhi, karani aliendelea kwenda kazini kwa kuwa hakuna aliyemwambia asiende. Waraka ulisema walimu na wanafunzi wabaki nyumbani hadi watakapotangaziwa. Yeye hakuwa mwalimu, na uanafunzi aliuacha zamani, nywele zake zikiwa bado nyeusi tii. Kwa hiyo kila asubuhi alivaa barakoa aliyoshonewa na mumewe, akafungua lango dogo kwa ufunguo wake, akakatiza uwanja ulioanza kuota majani, akaingia ofisini na kuketi kana kwamba muda si mrefu watoto wangeingia.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba chembamba kati ya darasa la tatu na stoo ya madawati mabovu. Ilikuwa na dirisha moja lenye kizingiti kipana, ambapo kwa miaka ishirini na tisa watoto walikuwa wakisimama kuomba chaki, plasta ya kidonda, au ruhusa ya kurudi nyumbani kwa ajili ya tumbo ambalo liliuma siku za mtihani tu. Wote walimwita Bi Karani. Hata mwalimu mkuu alimwita hivyo, na mumewe, fundi cherehani na mtu wa utani, alimwita hivyo siku ambazo mkewe amenuna.

Majuma yale ya kwanza yalimpita kama usingizi wa mchana. Jua liliingia dirishani, likatambaa sakafuni pole pole, likapanda mguu wa meza, likachoka na kuondoka. Vumbi la chaki lilikuwa limetua juu ya kila kitu, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kulitimua. Wakati mwingine alisikia darasa la kwanza wakiimba irabu nyuma ya ukuta, a, e, i, o, u, taratibu, sauti za mbele zikiwavuta wa nyuma. Aliinua kichwa akasikiliza. Hakukuwa na mtu. Hakuogopa hata kidogo, alirudi kupiga mistari kwenye rejista, maana rejista ya mwezi mpya lazima ipigwe mistari, wawepo watoto wasiwepo.

Tumwelezee vizuri kabla hajadhaniwa kuwa akili zilikuwa zimemruka. Mama huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuacha kisanduku kitupu. Karani mzee aliyemfundisha kazi alimwambia siku ya kwanza kabisa kwamba ukiona kisanduku kitupu, ujue karani alilala au anaficha kitu, na yeye hakuwa mlalaji wala mfichaji. Fomu ikiuliza idadi ya matundu ya vyoo, alikwenda kuyahesabu, ingawa aliyahesabu mwezi uliopita na matundu ya vyoo hayana tabia ya kuzaana. Ndugu zake wote walimpelekea fomu zao awajazie. Aliwauliza maswali mpaka wakajuta.

Na rejista ya shule ile haikuwa kitabu cha kuchezea. Miaka michache kabla, serikali ilikuwa imetoa vigezo: shule ambayo mahudhurio yake yangekuwa chini ya asilimia themanini kwa miaka mitatu mfululizo ingefungwa moja kwa moja, na watoto wake kugawiwa shule nyingine. Shule hii ndogo, ya watoto mia moja sitini na wanne, ilikuwa imeshaanguka mara mbili. Mwaka wa kwanza ilipata sabini na saba. Wa pili ilipata sabini na tisa nukta mbili tano, na siku hiyo mwalimu mkuu alikwenda nyuma ya stoo akakaa huko peke yake mpaka saa ya chakula. Mwaka wa tatu ndio ulikuwa huu wa maradhi. Shule ya karibu ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu ya malori, mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mtoto. Karani alizijua nyumba zile moja moja, na alishapiga hesabu kichwani: watoto kama sitini wasingeivuka barabara ile kamwe. Wangebaki nyumbani hivi hivi, na baada ya mwaka hakuna ambaye angekumbuka kuwaulizia.

Mwezi wa pili wa kufungwa, masomo yakaanza kutolewa redioni, kuanzia saa mbili asubuhi. Karani akaona sasa amepata kazi. Shule ilikuwa na simu moja ya vibonyezo, kuukuu, namba tano yake imefutika kwa kubonyezwa. Aliwatumia wazazi wote ujumbe: mtoto akishakaa mbele ya redio, abip simu ya shule. Mtoto mmoja, bip moja. Nyumba yenye watatu, bip tatu, kuanzia mkubwa, na ambaye hayupo aachiwe nafasi yake ya dakika moja. Simu haitapokelewa, salio la mtu halitaguswa.

"Kwa hiyo nimeletewa mume mwenzangu," alisema fundi cherehani, akiwa ameinamia rundo la barakoa. "Tena anayekuita mara mia kwa siku."

"Na hasemi neno," alijibu karani. "Ungejifunza kwake."

Basi kila asubuhi aliiweka simu juu ya kitambaa katikati ya meza, akafungua kitabu kikubwa, akangoja. Saa mbili kasoro kidogo ilikuwa kimya. Kisha iliwaka, ikatetemeka mara moja, ikazima: mtoto wa muuza mkaa, darasa la nne. Ikawaka tena: mabinti watatu wa kinyozi, mmoja baada ya mwingine, mdogo akichelewa kama alivyochelewa tangu azaliwe. Ikawaka, ikazima, ikawaka. Mwanzoni alitafuta namba kwenye orodha. Kufikia juma la tatu hakuhitaji orodha. Tarakimu za mwisho zilimtosha, na baadaye hata hizo alikuwa hazisomi, aliona uso. Mwanga mdogo ukitokea mezani aliona mtoto akiingia mlangoni na kutafuta pa kukaa, na alijisikia akisema kwa sauti, ofisini peke yake, "Ingia. Acha kumsukuma mwenzako." Kisha akaweka alama. Alikuwa na furaha siku zile, na kwa kuwa mji mzima ulikuwa na huzuni aliona haya kumwambia mtu.

Katika alama hizo kulikuwa na za msichana mmoja wa darasa la tano ambaye shule nzima ilimwita Mgeni. Jina hilo alipewa kwa sababu alikuja shuleni kama mgeni anavyokuja, siku mbili kwa juma, tatu akijitahidi sana. Mama yake alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, anatoka alfajiri. Nyumbani kulikuwa na wadogo zake pacha wa miaka miwili na hakukuwa na mtu mwingine. Alipotokea mlangoni, darasa zima lilimkaribisha kwa kelele, "Karibu mgeni," naye aliinamisha kichwa kwa heshima zote, akakaa mwisho kabisa, akanakili kwa kasi yote aliyokosa. Kwenye rejista mstari wake ulikuwa na mapengo kuliko mdomo wa mtoto wa miaka saba. Karani alimpenda na mstari wake ulimuudhi, yote mawili kwa pamoja.

Sasa shule ilikuwa imemfuata Mgeni nyumbani. Redio haikujali kama amebeba mtoto mgongoni. Kila siku, saa mbili na dakika tano, simu iliwaka kwa namba ya fundi viatu wa kichochoroni kwao, ambaye alimwazima simu kabla hajafungua kibanda. Juma likaisha, mstari umejaa. La pili likaisha. Karani alianza kuingoja dakika ile ya tano kwa moyo uliokuwa ukienda mbio kidogo, jambo la kipuuzi kwa mtu mzima.

Siku moja kidole chake kiliteleza akapokea. Alisikia redio ikikwaruza, mwalimu wa hewani akieleza jinsi ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, mtoto mmoja akilia, mwingine akigonga sufuria, na katikati ya vurugu hiyo sauti ya Mgeni, ya chini, yenye hofu:

"Bi Karani, usipokee. Unamaliza salio la fundi."

"Samahani, mwanangu. Upo?"

"Nipo. Kata."

Akakata. Kisha akaweka alama, kubwa kidogo kuliko nyingine, jambo ambalo sheria za rejista haziruhusu.

Masomo ya redio yalidumu siku sabini na nane. Yalipokaribia mwisho, waraka mwingine ulishuka kutoka serikalini. Ulisema kwamba, kwa kuzingatia hali ya dharura, vigezo vya kupima shule vimelegezwa kwa mwaka huu. Kila shule ijaze Fomu Namba Saba. Sehemu ya kwanza ni jina, ya pili ni majengo, ya tatu ni mahudhurio. Na chini, kwa herufi za kawaida kabisa, kulikuwa na sentensi moja: shule isiyo na takwimu za kipindi cha dharura isijaze sehemu ya tatu, na haitapimwa.

Tusemezane ukweli. Kila mwalimu mkuu aliyeisoma sentensi ile alielewa anachoambiwa. Aliambiwa acha wazi, babu, tukusamehe, tusonge mbele. Ilikuwa konyezo la jicho lililopigwa chapa na kugongwa mhuri. Lakini mwalimu mkuu wa shule hii alikuwa wodini, ametengwa, akipumua kwa taabu, na fomu iliangukia mikononi mwa mtu ambaye hakuwahi kukonyezwa na karatasi maisha yake yote. Karani aliisoma kama ilivyoandikwa. Shule isiyo na takwimu isijaze. Yeye takwimu anazo. Na kwa kuwa vigezo vimelegezwa kwa mwaka huu, namba zake zitamdhuru nani?

Akajaza. Wastani wa watoto mia moja kati ya mia moja sitini na wanne, asilimia sitini nukta tisa nane. Aliiandika namba ile kwa mwandiko wake mzuri kuliko yote, na tuseme tu kwamba alijivuna. Aliwaza juu ya mtu fulani, kwenye ofisi kubwa, atakayeifikia fomu hii katikati ya fomu tupu na kuwaita wenzake. Tazameni. Hawa walikuwepo.

Simu ilikuja Jumanne. Mpigaji alikuwa ofisa wa takwimu wa ofisi ya elimu, ambaye karani alimpa jina la Bwana Desimali, kwa sababu kwa miaka kumi na moja alikuwa akimrudishia fomu kwa ajili ya nukta. Walikuwa wameonana mara tatu tu. Ugomvi wao wote ulikuwa wa maandishi.

"Shikamoo, Bi Karani."

"Marahaba. Leo nukta ipi?"

"Leo si nukta. Umejaza sehemu ya tatu."

"Nimejaza. Takwimu ninazo."

"Shule sabini na mbili zimeleta fomu," alisema ofisa. "Sabini na moja zimeacha wazi. Yenu peke yake ina namba. Mfumo ukikuta namba unaipima, hauulizi ilipatikanaje. Umeshaiweka shule yenu kwenye orodha ya kufungwa."

Karani alishika ukingo wa meza. Alitazama darasa la tatu kupitia mlango, madawati yaliyopangwa vizuri yakiwa yamefunikwa na vumbi, na kwa mara ya kwanza tangu maradhi yaanze chumba kilionekana kitupu kweli.

"Kwani msamaha si wa wote?" aliuliza.

"Ni wa wasio na takwimu."

"Maradhi yalikuwa ya wote."

"Najua, mama," alisema Bwana Desimali, ambaye hakuwahi kumwita mama. Kisha akaeleza. Takwimu zilizopo yeye hana mamlaka ya kuzifuta. Lakini mwenye nazo akileta barua kwamba hazipo, kwamba mahudhurio hayakuchukuliwa na fomu ilijazwa kimakosa, hiyo anaweza kuipokea. Rejista yenyewe iletwe, kila ukurasa upigwe mstari na uandikwe BATILI, kwa mkono na sahihi ya aliyeiandika. Mwisho ni Ijumaa saa tisa alasiri. Baada ya hapo orodha inapanda juu, na huko hajui mtu.

Alimpigia mwalimu mkuu wodini. Ilimchukua muda kupata pumzi.

"Sitini asilimia?" alisema alipoelewa. "Umewapataje?"

"Kwa kubip."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, muuguzi akasikika akimgombeza. "Bi Karani," alisema sauti iliporudi, "mimi hapa hata kalamu siruhusiwi kushika. Ulijaza wewe, futa wewe. Tafadhali."

Nyumbani alimkuta fundi cherehani akifumua barakoa alizokuwa amezishonea kamba fupi za masikio. Alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni na mkoba begani.

"Mimi nikikosea nafumua," alisema mumewe. "Naanza upya, hakuna anayekufa."

"Lakini mimi sikukosea."

Fundi aliweka mkasi chini. Siku nyingine angepata la kumtania. Leo alisogeza rundo la vitambaa ili mkewe apate pa kukaa.

Alhamisi ilipita kama ndoto ya homa. Alikwenda ofisini, akakifungua kile kitabu, akakifunga. Simu haikuwaka, masomo ya redio yalikuwa yamekwisha. Alijaribu kuandika ile barua mara nne, na mara zote nne mkono uliandika kwanza tarehe na anwani kwa unyenyekevu, kisha ukagoma. Aliwaona watoto sitini upande wa huku wa barabara ya malori, wamesimama tu, malori yakipita. Alitaka wamkasirikie, lakini hawakumtazama. Mara ya tano aliandika. Mahudhurio hayakuchukuliwa. Maneno mawili, na kwa miaka ishirini na tisa hakuwa ameandika neno moja la uongo kwenye karatasi ya shule.

Ijumaa saa saba alikuwa mbele ya meza ya Bwana Desimali. Ofisi ilikuwa ndefu, ya meza kumi, na tisa hazikuwa na watu. Fomu sabini na moja zilikuwa zimepangwa pembeni, safi, hazina hata doa. Ofisa alikuwa mwembamba kuliko ugomvi wake, na barakoa ilimfanya awe macho na miwani tu. Alisoma barua, akaiweka chini ya mhuri bila kuugonga, akamsogezea rula na kalamu nyekundu.

Kurasa zilikuwa ishirini na nane, madarasa saba kwa miezi minne. Karani alianza na darasa la kwanza. Mstari kutoka kona hadi kona, BATILI, sahihi. Alifunua. Mstari, BATILI, sahihi. Wino mwekundu ulipita juu ya watoto wa kinyozi, juu ya mtoto wa muuza mkaa, juu ya asubuhi zote zile za mwanga mezani. Hakulia. Alikuwa na mkono mzuri na hata mistari ya kufuta aliipiga ikanyooka, nadhani ndicho kilichomuuma zaidi.

Alipofika darasa la tano, Bwana Desimali, aliyekuwa akifuatilia ukurasa kwa ukurasa kwa desturi yake ya kutafuta makosa, aliweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Huyu hakukosa?"

"Hata siku moja."

"Miezi yote?"

"Siku sabini na nane. Kabla ya hapo alikuwa mtoro wa kupigiwa mfano."

Ofisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Miaka kumi na moja napitia rejista," alisema, "na mstari uliojaa hivi sijauona. Hata wa watoto wa walimu." Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Aliondoa kidole chake. "Endelea, mama."

Akaendelea. Alipomaliza ukurasa wa mwisho, mhuri uligongwa juu ya barua, na Bwana Desimali akabonyeza kitu kwenye kompyuta, mara mbili, akangoja, akaitikia kwa kichwa kwamba imetoka. Shule haikuwa tena kwenye orodha. Ilikuwa na mwaka mzima mpya wa kujaribu.

"Kuna jambo moja," alisema akimsindikiza hadi mlangoni. "Watoto wasijue kwamba waliandikwa. Likisikika huko juu, barua ile itakuwa uongo, wako na wangu, na shule itarudi ilipokuwa."

"Wakiniuliza?"

"Nani atakuuliza? Mtoto gani anauliza rejista?"

Shule ilifunguliwa mwezi uliofuata. Walimu walirudi wamekonda, mwalimu mkuu akiwa na fimbo ya kutembelea, na kelele zilizorudi uwanjani zilikuwa kubwa mpaka karani akafunga dirisha nusu. Alikuwa amejiandaa. Kwa siku kadhaa, akipiga deki, akipika, alikuwa akijisemea sentensi moja aizoee: simu ilikuwa ikiita, lakini hatukuandika. Ilikuwa sentensi fupi, na mtoto angeridhika nayo.

Mgeni alisimama dirishani kabla ya kengele. Alikuwa amerefuka. Pacha mmoja alikuwa mgongoni kwake, wa pili ameshika sketi, na sare yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka inang'aa.

"Shikamoo, Bi Karani."

"Marahaba, mwanangu."

"Hawa nimekuja nao leo tu, nitarudi nao sasa hivi. Nimekuja kuuona mstari wangu." Alisema kwa kunong'ona, kama mtu anayeomba kuonyeshwa mtoto mchanga. "Fundi viatu ameniambia nikamweleze ulivyo. Nilihesabu sabini na nane, lakini mimi si karani."

Karani alifungua mdomo na ile sentensi ikaja yote, imejipanga. Alimtazama yule mtoto, na shingo ya yule mtoto, iliyonyooshwa kuchungulia mezani. Haikutoka.

"Ni sabini na nane," alisema.

Akamwambia yote, kwa sauti ya chini, akiwa ameegemea kizingiti: fomu, orodha, barabara ya malori, barua, kalamu nyekundu. Alimwambia kwamba hapaswi kumwambia. Alijua kwamba shule nzima sasa imo mdomoni mwa mtoto wa miaka kumi na moja, na hakutaka kuirudisha kauli yake. Mgeni alisikiliza bila kupepesa. Pacha wa chini alianza kuvuta sketi, akamtuliza kwa mkono bila kumtazama.

"Kwa hiyo sikuwepo," alisema.

"Ulikuwepo."

"Kwenye karatasi."

"Kwenye karatasi hukuwepo. Hakuna aliyekuwepo."

Msichana alitazama uwanjani, ambako watoto mia moja na zaidi walikuwa wakikimbizana katika shule ambayo bado ilikuwa shule.

"Ungeniuliza kwanza," alisema.

Hilo lilimpata karani mahali ambapo kalamu nyekundu haikufika. "Kweli," alisema. "Na ningekuuliza, ungesemaje?"

Mgeni alifikiri. Alipandisha mtoto vizuri mgongoni, akafikiri tena, kwa sababu lilikuwa swali la haki na lilistahili jibu la haki.

"Ningesema ufute za wengine."

Hakuwa anatania. Karani alimtazama, akaona kwamba katika watu wote waliopita mbele ya barua ile, na mwalimu mkuu, na mumewe, na Bwana Desimali na miwani yake, ni huyu peke yake aliyesema kile ambacho yeye mwenyewe alikitaka siku nzima ile ya Alhamisi. Aliona aibu, na chini ya aibu hiyo akaona pia amepumzika kidogo.

Kengele ililia. Watoto walianza kujipanga. Mgeni alishika mkono wa pacha wa chini na kugeuka kuelekea langoni.

"Unakwenda wapi?" aliuliza karani.

"Kuwarudisha. Mama yuko zamu."

"Walete hapa."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Pitishia dirishani, mlango uko mbali. Wanakula nini?"

"Chochote. Huyu anauma."

Aliwapitisha mmoja mmoja juu ya kizingiti, mwenye kuuma akiwa wa mwisho. Karani aliwapokea, wazito kuliko alivyotarajia, wanukao sabuni. Mgeni alinyoosha sare yake, akasimama kidogo kama anayesubiri kuambiwa kwamba ilikuwa mzaha, kisha akaenda kwenye mstari wa darasa la tano. Hakusema asante, na karani hakuona kosa lolote katika hilo.